Mguu wa Mama na Utando Uliooshwa kwa Mwanga

Jumamosi, Aprili. Mvua ya asubuhi imekatika na Nyamasaria nzima inanuka matope.

Leo nina furaha na aibu kwa pamoja. Acha niandike yote mawili kabla mke wangu hajaanza kuyasimulia kwa namna yake.

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na mitatu. Miale ya gama naweza kuichora ubaoni nikiwa nimefumba macho, ingawa wanafunzi husema ndivyo ninavyochora siku zote. Lakini siku hizi kumi na moja nimegundua kwamba siwezi kumweleza mama yangu mzazi habari za miale hiyo bila kumtia hofu.

Mama aliungua mguu mwezi uliopita kule nyumbani kwake Pap Onditi, Nyakach, akikaanga mandazi ya wageni wa kanisa. Karai lilipinduka, mafuta yakamwagika kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Ana sukari, kwa hiyo kidonda kikakataa kupona. Jumanne ya wiki iliyopita daktari alituambia wazi: kisipofunikwa vizuri sasa, viini vitazama ndani zaidi, na itabidi akatwe ngozi ya paja ili kuziba pale. Kwa umri wake, hakuna aliyetaka tufike huko.

Kulikuwa na njia nyingine. Kuna utando mwembamba unaomzunguka mtoto tumboni. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huutoa kwa hiari, unasafishwa, unakaushwa, unafungwa kwenye pakiti, kisha pakiti nzima inapitishwa kwenye mionzi inayoua viini bila mtu kuifungua. Hata sindano nyingi husafishwa hivyo hivyo. Ukilazwa juu ya kidonda, utando unakuwa kama ngozi ya kuazima.

Daktari wetu ni binti wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Kisumu. Aliniomba nimweleze mama kwa Kijaluo. Nikakohoa kidogo, kama mgeni wa heshima aliyepewa kipaza sauti.

Nikasema utando umechomwa kwa mach.

Mach kwetu ni moto. Ni stima pia, yaani umeme, ndiyo maana nilidhani nimechagua neno la kisomi. Mama akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mimi nimeungua na moto," akasema, "na wewe unaniletea kitu kingine kilichoungua. Sasa nani atamuuguza mwenzake?"

Daktari akaangua kicheko. Kijaluo chake alikiokota kwenye kaunta ya duka la babu yake, na mimi nilidhani ni cha kuuzia sabuni na unga tu.

"Mwalimu, mbona unatisha Mama? Si mach. Sema ler."

Ler ni mwanga. Na kitu kikiwa safi, au kitakatifu, tunasema maler. Ni neno lile lile, limevaa koti. Nimeliimba kanisani tangu utotoni, na ilibidi nikumbushwe na mtoto wa dukani.

"Mama, imeoshwa na ler," daktari akamwambia. "Mwanga umeingia, umeua uchafu, umetoka. Haujabaki ndani."

Mama akatulia. Nikadhani tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda.

"Hiyo ni biero," akasema.

Biero ni kondo la nyuma. Kitaalamu utando ni sehemu tu ya vile vinavyomfuata mtoto, na nilifungua mdomo ili nisahihishe. Mama akaufunga kwa jicho moja. Kwetu biero huzikwa nyumbani. Ukitaka kujua kwao mtu ni wapi hasa, uliza biero yake ilizikwa wapi. Yangu iko nyuma ya nyumba ya mama, na huwa ananionyesha mahali penyewe kila ninapokaa muda mrefu bila kwenda kumwona.

"Ya mtoto wa nani? Ukoo gani?"

Daktari akakiri hajui. Jina halisafiri na pakiti.

"Kwa hivyo kuna mtoto anatembea huko, na biero yake mmeifunga kwa karatasi kama biskuti."

Akaomba arudi kwangu akafikirie. Akafikiria siku mbili, na kidonda hakikumsubiri. Kilianza kutoa harufu. Naungama: Jumatano nilitaka kumdanganya, nimwambie daktari amebadili mawazo na sasa ataweka plastiki ya kisasa. Mke wangu akaniuliza kama hiyo nayo ipo kwenye silabasi. Nikauacha uongo huo.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, asubuhi, mama alitoka chumbani amefunga kitambaa cha kanisa. "Twende."

Hospitalini aliomba ashike ile pakiti kwanza, akamwombea mama aliyeitoa, polepole, huku daktari akisubiri na glavu mkononi. Kisha utando ukalazwa, mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu.

Leo, baada ya siku tisa, bandeji imefunguliwa. Mimi ndiye niliyefumba macho. Mama alikuwa akichungulia. Harufu imeisha. Kingo za kidonda zimekuwa waridi, na daktari ametuonyesha kwa kidole ngozi mpya inavyotambaa kuingia katikati. Kazi bado iko, amesema, lakini habari ya paja tuiweke kando.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza mama ni nini kilichombadilisha.

"Nilikuwa nasumbuka, mtoto huyo kwao ni wapi? Biero yake haina mahali. Halafu nikaona: pale itakapolazwa ndipo kwao. Italazwa mguuni kwangu, na mguu wangu kwao ni Nyakach." Akavuta kikombe chake. "Siku akija kuuliza, usimsomee fizikia. Mpe chai, umwonyeshe boma."

Nimekuwa kitinda mimba wa mama kwa miaka hamsini na mmoja. Leo nimevuliwa cheo na mtoto nisiyemjua hata jina, na sina malalamiko.