Madumu Matatu, Si Manne

Mjukuu wangu Neema,

Nakusihi, haya yabaki kwako peke yako. Mama yako mzima, maharage yamechanua. Unauliza kama usaini kipimo anachokitaka mkubwa wako, badala ya ulichopima.

Nilikuwa karani kijana, mwoga, katika karakana Mbarara. Tulipima winchi ya gia ya kuvutia maji kisimani Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi. Kwa hesabu ya meno, uzito wa dumu moja upande wa mpini ulipaswa kuinua madumu manne. Uliinua matatu, msuguano ulikula la nne.

Mkubwa wa karakana akaniambia, “Karani, wewe andika nne tu! Gia haidanganyi.”

“Muzee, mama yangu ndiye ataizungusha. Itamushinda.”

Nikaandika matatu. Mama yako hudhani niliacha kazi mwenyewe.

Wakikufukuza, panda gari la Nakivale, shuka Misiera, uulizie babu anayetengeneza baiskeli; ndiye mimi.