Disketi ya Bi Rukia

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Sote hatujambo, na mama yako yuko Paje anavuna mwani.

Umeniuliza kama enzi zetu kulikuwa na virusi vya kompyuta. Vilikuwapo. Nikiwa karani Mji Mkongwe, asubuhi moja kompyuta ya ofisini iligoma kuwaka. Virusi vilikuwa vimeharibu faili za kuiwashia, na kazi zetu zote zimo ndani. Nikalia. Mwenzangu, Bi Rukia, akatoa disketi yenye nakala ya faili zile.

"Nimeifunga, inasomeka tu, haiandikiki," akasema. "Kirusi hakiingii humu."

Akaichomeka. Kioo cheusi kikajaa maandishi.

"Subhanallah!" nikasema. "Imefufuka!"

Lakini mpaka leo kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba aliiandaa disketi ile wakati mashine ni nzima, nasi tukimcheka.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Bibi yako