Kura ya Mdomo

Jumapili, 26 Agosti 1849
Nimetoka kaburini kwa Dorcas. Nimepalilia, nimempa habari za wiki. Nani mwingine wa kumpa? Nyumbani hata paka kahama.

Njiani kanisimamisha msimamizi wa shamba la miwa. Anagombea kiti cha Baraza la kisiwa keshokutwa. Eti nikumbuke mke wangu amelala kwenye ardhi ya nani! Enzi za utumwa tulizikana humohumo kwenye miwa, na Dorcas alitaka alale karibu na mama yake. Kwa hiyo napita getini kwa hisani tu.

Jumatatu, 27 Agosti
Baraza lililopita liliongeza ushuru wa samaki wa chumvi na wa punda. Wenye mashamba? Hawakuguswa! Bwana Lyndhurst, fundi viatu anayegombea pia, anaahidi kuuondoa. Ephraim, mlinzi wa geti, rafiki pekee niliyebaki naye, kanicheka. “We Cyrus, Baraza litakupikia? Mtaje bosi, ukalale!”

Nimechemsha ndizi. Nimeziacha sufuriani.

Jumanne, 28 Agosti
Nimepiga kura! Mahakamani Falmouth, wagombea wamekaa mbele, karani anauliza: “Cyrus Tharpe, unamchagua nani?” Lazima utamke, wote wasikie. Msimamizi ananitabasamia. Nilikusudia kumtaja yeye — Mungu anajua! Nikasikia sauti yangu: “Lyndhurst!”

Lyndhurst akainuka, akanishika mkono. “Ahsante sana, Bwana Tharpe.” Tangu mazishi hakuna aliyenishika mkono hivyo. Nimerudi nalia njia nzima. Mtu mzima!

Alhamisi, 30 Agosti
Lyndhurst kashinda. Nimemwona mjini, nikavua kofia. Hakunitambua.

Jumapili, 2 Septemba
Kufuli jipya getini. Ephraim yuko ndani, hanitazami. Msimamizi kaagiza kila mtu apite, isipokuwa mimi.

“Kamwombe radhi, kaka. Sema ulibabaika.”

Sikubabaika, nikamwambia.

“Basi usinitie matatani. Nina watoto.”

Kaburi naliona kutoka hapa, magugu yameshaanza. Nikamsimulia Dorcas nikiwa nje, kwa sauti kubwa, kama mahakamani: nani nilimtaja, nani alikasirika. Ephraim akanisihi ninyamaze, watasikia kwenye nyumba kubwa ya shamba. Sikunyamaza. Akatupa kofia chini, akaondoka mbio kuelekea hukohuko. Kuniombea ruhusa, au kunishtaki? Sijui. Nimekaa chini naandika.

Wanakuja wawili, Ephraim na msimamizi. Dorcas, subiri kidogo —