Darubini ya Dola Mia Tano

Wirrapilla, 9 Mei 2018

Mwanangu Garth,

Salamu. Natumaini mgongo umepoa na chakula cha huko kinalika. Mimi sijambo, ukiondoa magoti na macho kuchoka, mambo ya miaka sabini na tatu. Mvua ya kulowesha kofia haijanyesha tangu uondoke.

Sitazunguka. Mbwa mwitu wamevuka uzio. Tangu Pasaka wameua wanakondoo sitini na mmoja, na wala hawali, wanararua figo wanaacha. Jana nilimkuta kondoo jike amesimama wima, utumbo unaburuzika, bado anamwita mwanawe. Nilimmaliza kwa kisu.

Bunduki ya marehemu baba yako ninayo, lakini haina darubini, na mbwa hawa wamejifunza. Wakiniona hatua mia mbili wananitazama tu, kisha wanaondoka taratibu kama wazee wanaotoka kanisani. Nataka darubini ya kunifikisha mita mia tatu. Nina dola mia tano, basi. Trevor wa duka la bunduki mjini ananionyesha ya elfu moja na mia tisa. "Enid, kwa hii utamhesabu mbwa kope." Nimemwambia kope zake sina haja nazo.

Hakuna anayejua vitu hivi kukushinda. Najua ninauliza nini, na najua ninamuuliza nani.

Mama


Gerezani, 1 Juni 2018

Shikamoo Mama,

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilidhani kuna msiba. Miaka miwili, na hii ndiyo barua ya kwanza. Niliisoma nimesimama.

Mimi mzima. Wamenipa kazi ya kufua mashuka. Niulize habari ya pampu ya kisima, au kondoo wenye minyoo, nitakujibu kurasa kumi. Hilo la darubini usiniulize. Tangu siku ile sijalitaja na niliapa sitalitaja. Msikilize Trevor, au uza kondoo.

Leanne yu hali gani? Sina haki ya kuuliza, lakini nauliza.

Mwanao, Garth


Wirrapilla, 14 Juni 2018

Garth,

Mimi mzima. Umenijibu kama wakili.

Leanne hajanisalimu tangu mahakamani. Ana kondoo mia nne na hana mume. Mbwa wanakula kwake Jumatatu, kwangu Jumanne. Ulitaka kujua, umejua. Mumewe, Murray Kessell, ndiye aliyekuwa akiwawinda mbwa kwa ajili yetu sote, na wewe unajua kwa nini hawawindi tena. Kwa hiyo wanakondoo hawa ni juu yako pia.

Sijaja kukuona kwa sababu nikikuona nitakuuliza lilelile nililokuuliza uani siku ile, mikono yako ikiwa na damu ya rafiki yako: ulionaje mbwa pale penye mtu? Sielewi. Na nisipoelewa siwezi kukusamehe, nimejaribu. Lakini darubini ni jambo lingine. Nijibu.

Mama


Gerezani, 6 Agosti 2018

Shikamoo Mama,

Pole kwa wanakondoo. Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilizuiwa: mfungwa anaandika habari za bunduki! Waliniweka kitako siku mbili wakinihoji, mpaka kasisi akaenda kuwaeleza kwamba mama yangu ni mfugaji na mifugo inakwisha.

Sikiliza basi. Usinunue namba. Maduka yanauza namba: hii inakuza mara ishirini na nne, hii mara thelathini. Kwa dola mia tano, namba kubwa imelipiwa kwa kioo kibaya. Ukikuza sana kila kitu kinatetemeka, giza linaingia mapema, na ulichokuwa unakiona kama kivuli kidogo sasa ni kivuli kikubwa. Chukua inayokuza mara nne hadi kumi na mbili, kioo cha mbele milimita arobaini. Mambo ya taa ndani na mistari chungu nzima, achana nayo. Usiijaribu chini ya taa za duka. Trevor akutolee barazani jua likizama, usome kibao cha ng'ambo ya barabara. Zungusha kile kidude cha juu mibofyo ishirini kwenda, ishirini kurudi. Msalaba wa kulengea ulio ndani usiporudi palepale ulipokuwa, mrudishie mali yake. Dola themanini ziende kwenye pete za kuishikia, maana darubini nzuri juu ya pete legevu ni kazi bure. Mwisho, zungusha pete ya nyuma, ile ya karibu na jicho, mpaka msalaba uwe mweusi na mkali.

Na hili ndilo kubwa. Kama hujaona miguu minne na mkia, hujaona mbwa. Usipige.

Mwanao, Garth


Wirrapilla, 3 Septemba 2018

Mwanangu,

Nashukuru. Huku tu wazima, mimi na paka.

Nilifuata kila neno. Darubini ya kwanza ilikuwa na doa katikati, kama mtu amepaka siagi kwa kidole. Nikairudisha, kilomita mia moja na arobaini za vumbi. Trevor akanipa nyingine, ya kampuni tofauti kabisa. Doa lilelile! Nikamwambia, "Trevor, unaniuzia takataka kwa kuwa mimi ni kizee." Akaichukua, akaitazama, akasema, "Enid, mimi hapa naona nzi kwenye kibao cha posta. Hata nikikupa ya tatu itaugua ugonjwa huohuo." Dukani wakacheka. Nikaondoka nayo kwa hasira.

Nimezungusha pete ya nyuma mpaka kidole kimechubuka. Msalaba unaonekana pembeni, katikati umemezwa. Wanakondoo waliouawa sasa ni mia moja na kumi. Nifanyeje?

Mama


Gerezani, 17 Septemba 2018

Mama,

Shikamoo. Iache hiyo darubini mezani. Simama jikoni, funika jicho la kushoto kwa kiganja, tazama fremu ya mlango kwa la kulia. Imenyooka au imepinda? Kisha badilisha. Kuna mzee chumba cha jirani alianza hivyohivyo, doa katikati na mistari kupinda.

Ikiwa imepinda, kasoro si ya kioo. Nenda kwa daktari wiki hii, usingoje kunyoa kondoo kwanza. Kuna sindano wanazochoma kwenye jicho, lakini ugonjwa hausubiri. Na bunduki usiiguse. Nakuomba kama mwanao.

Garth


Gerezani, 5 Novemba 2018

Mama,

Wiki saba. Nimepiga simu mara tisa, inaita mpaka inakatika. Nijulishe tu kwamba u hai. Neno moja. Hata tusi.

Garth


Wirrapilla, 27 Januari 2019

Mwanangu Garth,

Salamu nyingi. Naandika kwa kalamu nene ya kutilia alama kondoo, rula chini ya mstari, natazama pembeni ya karatasi ili niione katikati. Maneno yakipandana, nivumilie.

Barua yako ya Septemba ilifika Ijumaa. Niliisoma kwa kioo cha kukuzia, nikasimama jikoni, nikafunika jicho. Fremu ya mlango ilikuwa na tumbo kama chatu aliyeshiba. Nikajiambia, nyumba yenyewe ya zamani. Asubuhi yake nikatoka na bunduki.

Ng'ambo ya kijito kikavu, kwenye uzio wetu na wa kina Kessell, kulikuwa na kitu cheusi kimeinamia kondoo aliyekufa. Kinavuta, kinaachia, kinavuta. Nikalala chini, nikaweka msalaba. Doa likakimeza. Nikasogeza jicho mpaka nikakipata kwa pembeni. Nilikuwa na uhakika, Garth, kama nilivyo na uhakika wa jina langu. Kidole kilikuwa kimeshavuta nusu. Halafu yule mbwa akasimama kwa miguu miwili, akajishika kiuno.

Alikuwa Leanne, anatega mtego.

Ningeweza kunyamaza. Nilikwenda kwa miguu nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Uzio uleule, Enid. Nguzo sita kutoka pale alipoangukia Murray." Kisha akaichukua bunduki, akatoa risasi, akaniambia nipande gari lake. Alinipitisha polisi nikaikabidhi, akanipeleka kwa daktari wa macho. Ulikuwa mwendo wa saa tatu na nusu.

Daktari amesema nilipaswa kuja mwaka uliopita. La kulia limekwisha. La kushoto linafuata.

Kondoo wameondoka kwa malori, wote. Uani kumekuwa kimya mpaka nasikia bati likipanuka kwa joto. Simu zako nilizisikia, nilijua ni wewe. Sikuwa na uso wa kukujibu.

Nilikuuliza ulionaje mbwa pale penye mtu. Sikuulizi tena. Nisamehe miaka yote hii.

Hii ni barua yangu ya mwisho kwa mkono. Zako sitaziona, na kutoka hapa hadi mjini hakuna mtu ila Leanne. Nimemwomba anisomee. Akasema, "Nitasoma kilichoandikwa. Zaidi ya hapo usiniombe." Hajakusamehe, usijidanganye. Andika ukijua hilo.

Mama yako


Gerezani, 19 Februari 2019

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma yote, hakuna herufi iliyonipotea. Pole kwa macho, pole kwa kondoo. Huna la kusamehewa. Wewe ulikuwa na uhakika, macho yakakudanganya. Mimi sivyo.

Shemeji Leanne, najua ni wewe unayesoma, na najua sina tena ruhusa ya kukuita hivyo. Mahakamani nilisema niliona masikio na mkia. Sikuona. Jua lilikuwa limezama, darubini ilikuwa ya bei rahisi niliyoinunua kwa namba zake, na ndani yake kulikuwa na kitu cheusi kinachosogea, basi. Wiki ile Murray alinitania mbele ya watu, tukiwa kwenye bia: "Garth wewe, mbwa walio zaidi ya mita mia mbili unawapiga kwa mdomo tu." Nilijua kwamba sioni. Nilipiga ili kesho yake nipate la kumwambia Murray.

Niliogopa kuongezewa miaka, nikanyamaza. Anayekagua barua atakuwa ameisoma hii kabla yako. Na iwe hivyo.

Mama, akinyamaza hapa, usimwambie aendelee. Hakuna kilichobaki kusomwa.

Mwanao, Garth