Mkarafuu wa Babu Uko Upande Gani

Ole, Pemba

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Kikohozi cha Mama kimepungua huko Tanga? Mimi mzima, shule naipenda, ila wenzangu bado wanakicheka Kipemba changu cha mtoto wa Tanga.

Najua umekasirika kuhusu mkarafuu wa Babu. Uliposema kwenye simu kwamba hutampa jirani hata jani, Bibi alikuwa karibu, nikashindwa kukueleza. Kwa kuandika naweza.

Mpima ardhi aliyetoka Chake ni dada mpole, Bi Salma. Siku ya kwanza alisimamisha chombo chake cha setilaiti penye mti, akapima mara nyingi, akalinganisha na mpaka ulio kwenye ramani. Majibu yote yalikaribiana: mti uko kwa jirani yetu, Bi Raya. Bibi akaingia ndani bila kuaga, na siku ile hakunituma na bakuli la mchuzi kwa Bi Raya kama kawaida.

Wiki iliyofuata Bi Salma akapima tena. Majibu yakakaribiana vilevile, lakini mti sasa uko kwetu! Bibi akapiga vigelegele.

"Andika hiyo, mwanangu, upesi!"

"Siandiki, Bibi. Kila siku chombo kinakosea kidogo, na leo kimekosea upande wako."

Bi Raya akacheka ng'ambo ya ua wa mibono. "Leo kimekunywa chai kwako, shoga!"

Nikajikaza nikauliza kama wastani wa vipimo vya asubuhi moja hautoshi, maana kitabu changu kinasema makosa hufutana. Bi Salma akanijibu, "Hufutana yakiwa hayajuani." Vipimo vya asubuhi moja vina setilaiti zilezile, anga lilelile, majani yaleyale yanayovuruga mawimbi. Ni kama mashahidi kumi waliosikia habari kwa mtu mmoja.

Basi akawa anakuja siku mbalimbali, saa mbalimbali. Aliniruhusu nichore nukta za majibu yake. Kila siku ilifanya kichuguu chake, vingine kwetu, vingine kwa Bi Raya, na wastani wa siku zote ukauweka mpaka shinani kabisa.

"Shaka iliyobaki ni pana kuliko shina lenyewe," alisema. "Kipo chombo kikubwa zaidi, mkitaka kuendelea kushindana."

Kisha Bi Raya akasema, "Siku marehemu anaupanda mche huu, maji niliteka mimi."

Bibi akaitikia, "Uliteka, kweli."

Wamekubaliana jiwe la mpaka likae shinani, na karafuu wachume wote wawili. Imebaki sahihi yako, Baba, kwa kuwa wewe ndiye mrithi. Sijawahi kukuomba jambo kubwa. Naomba hili.

Bibi amenikataza nisikusukume. Lakini jana alinituma tena na bakuli la mchuzi, nalo limerudi limejaa muhogo.

Nisalimie Mama, Shangazi, na mdogo wangu Faki, asiguse vitabu vyangu. Bi Raya naye anakusalimu. Anauliza kama bado unakumbuka nani alikufundisha kuchuma bila kuvunja tawi.

Mwanao akupendaye,
Zuwena