Mita Mia Nne za Njia ya Tanuri

Jumanne, 11 Juni 2019

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya meya: Njia ya Tanuri inauzwa. Si yote. Ni mita mia nne za mwisho, kuanzia mwaloni mkubwa hadi banda la kufulia la kitongoji cha Les Combes. Mnunuzi ni Edmond Couturas, mfugaji, mwenye malisho pande zote mbili. Sababu: haitumiki tena. Mkaguzi ameteuliwa kuchunguza kama ni kweli, na maoni yanapokelewa hadi Jumatatu tarehe 24.

Sheria ni rahisi. Njia ya kijiji ikipitwa na watu, haiuziki. Isipopitwa, meya anaweza kuiuza kama anavyouza trekta bovu. Marsauges tulikuwa na njia saba za namna hii. Sita zimekwenda.

Kufika nyumbani, namkuta Huguette Labrune keshakaa jikoni kwangu. Ana miaka sabini na sita. Thelathini na mmoja kati ya hiyo alipeleka barua, na tangu astaafu ndiye kiongozi wa matembezi yetu ya urithi kila Juni, kutoka tanuri la mkate la kijiji hadi banda la kufulia. Alimwaga mezani rundo la vipande vya magazeti. Makala zangu! Ishirini na mbili, moja kwa kila mwaka tangu 1997.

"Soma hapo, binti."

Mimi binti nina miaka sitini na moja. Nikasoma: Watembezi waliifuata Njia ya Tanuri yote hadi Les Combes. Mwaka baada ya mwaka, karibu neno kwa neno. Uvivu, nakiri – lakini tazama uvivu wenye faida!

"Haitumiki, eti! Gazeti zima linasema inatumika. Couturas atameza maneno yake bila maji."

Akanitaka nitie saini waraka wa kuipinga biashara hiyo. Nikamwambia mimi huandika, sitii saini. Akasema haya, baki na saini yako, makala zinatosha.

Alipoondoka nilijimiminia glasi moja kwa heshima ya mwandishi yule hodari.

Alhamisi, 13 Juni 2019

Kazi ya dakika kumi, nilidhani. Mhariri anataka habari ya mauzo, nami nilitaka tarakimu sahihi, kwa hiyo nikayateremsha madaftari ya zamani kutoka darini. Kumbukumbu siitegemei. Kumbukumbu hupamba.

Daftari la 2003: "Saa 5:40 mwaloni. Saa 5:45 ghala la Couturas. Divai nyeupe, pai ya viazi. Saa 7:10 kuondoka. Saa 7:30 Les Combes." Kwa njia ipi? Ghala liko kando ya barabara ya lami!

2009: ghala, divai, lami.

2014: ghala, divai mara mbili, lami. Léonce, mwanamuziki wetu, kaanguka mtaroni, kodiani salama.

Nimeyapitia yote ishirini na mawili. Hakuna hata mwaka mmoja! Tukifika mwaloni jua linawaka, na upande wa kushoto tunaiona meza ya Couturas, kitambaa cheupe, chupa zikipoa kwenye hori la ng'ombe. Léonce na kodiani lake anakata kushoto. Watu wanamfuata kama kondoo wanavyofuata kengele. Huguette yuko mbele yao wote. Mimi nyuma, naandika.

Tunatembea kila mwaka ili njia isife. Na kila mwaka tunaiacha pale pale inapohitaji miguu, tukanywe divai ya mtu anayeinunua.

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Peke yangu, katikati ya madaftari, machozi yananitoka, nashindwa kuinuka. Miaka thelathini na minane kazini sijawahi kuchapisha sahihisho hata moja. Sasa yamefika ishirini na mawili kwa mkupuo!

Jumamosi, 15 Juni 2019

Nimemwambia. Nilimkuta ndani ya tanuri – ndani kabisa, miguu tu ikionekana nje, akifagia majivu ya mwaka jana. Nikaona heri kuongea na zile soli za viatu.

"Bi Huguette, tangu 1997 hatujapita kule."

"Kule wapi?"

"Mita mia nne. Huwa tunakwenda kunywa."

Ufagio ukasimama. Kisha ikatoka sauti kwenye matofali, nikadhani analia. Kumbe anacheka! Akatoka kinyumenyume, uso mweusi wa masizi, kashika mbavu.

"Na mimi ndiye wa kwanza mezani!"

"Kila mwaka. Nimeandika hadi dakika."

"Pai ya mkewe ile, mwanangu. Pai ile ingemtoa mtawa kanisani."

Tukacheka hadi mbwa wa jirani akaanza kubweka. Ghafla akaacha. Akajifuta uso kwa aproni, masizi yakazidi kuenea.

"Usimwambie mkaguzi."

Nikamwambia makala ni zangu, na kosa ni langu. Kama zimepelekwa kama ushahidi, lazima nizisahihishe.

"Usahihishe nini? Uandike kwamba divai ilikuwa baridi?"

"Ndiyo. Kama ilikuwa baridi."

"Sikiliza wewe. Mama yangu alibebwa kwenye njia ile kwenda kuzikwa, na bibi yangu kabla yake. Watu wa Les Combes wote ndiko walikopita wakifa. Mimi sitakwenda kanisani kwenye lami, nyuma ya malori ya magogo, huku dereva ananipigia honi nipishe!"

Hakusema kwa machozi. Alisema kama mtu anayekataa kupewa kiti kibovu. Akaingia tena ndani ya tanuri, ufagio ukaanza upya.

Jumatatu, 17 Juni 2019

Upande wa pili lazima usikike. Nimekwenda kwa Couturas. Alikuwa anaosha trekta, akaniletea kigoda kabla sijafungua mdomo.

"Bi Mwandishi! Nilikuwa najiuliza utakuja mwaka gani."

Anajua. Amejua siku zote! Kila Juni, gazeti likitoka, humsomea mkewe makala yangu kwa sauti mezani, na wakifika penye "Njia ya Tanuri yote" mke huweka kijiko chini ili asipaliwe.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wageni wangu wale. Mtu hamsuti mgeni."

Hoja yake si mbaya, naiandika hapa kwa haki: malisho mawili, njia iliyokufa katikati, na kila siku trekta linazunguka kilomita tatu kwa sababu ya mita mbili za miiba. Ametandaza waya wa umeme pale mwisho ng'ombe wasiingie kwenye banda la kufulia. Kuta za njia hajazivunja hata jiwe moja. Bei anayolipa ni ile ile iliyowekwa na meya.

Nikamuuliza kuhusu jeneza la Huguette. Akafunga maji.

"Huguette atatuzika wote. Na siku yake ikifika, nitafungua lango. Namuahidi."

"Na baada yako?"

Akatazama trekta lake. Ana mabinti wawili, wote mjini.

Nikiwa naondoka, akaniita. "Jumapili msikose! Mke wangu keshamenya viazi."

Mjanja yule. Na mimi, Mungu anisamehe, mate yalinijaa.

Ijumaa, 21 Juni 2019

Sahihisho limetoka leo, ukurasa wa sita. Mistari minne. Nakala nimempelekea mkaguzi, Bwana Delcroze. Mhariri alisema hajawahi kuona gazeti likiomba radhi kwa sababu ya pai.

Delcroze akapiga simu. Sauti kavu. "Magazeti siyaangalii, bibi. Naangalia miguu. Jumapili nitatembea nanyi, nihesabu wanaotokea upande wa pili."

Tanuri limewashwa tangu jana. Moshi kijiji kizima. Huguette kanipita dukani bila salamu. Lakini kwenye kikapu chake nimeona mapanga mawili na jozi tano za glavu.

Jumapili, 23 Juni 2019

Saa 2 asubuhi. Mikate arobaini imetoka! Kila nyumba imechora alama yake juu ya donge, msalaba, jani, mistari miwili, kama zamani, ili watu wasigombane. Wanagombana vilevile. Ngano inanukia hadi kwenye daftari hili. Jua tayari kali. Delcroze amekuja na viatu vipya vya mlimani na kofia ya kitani. Mrefu, mwembamba, anaandika kwa penseli. Nimempenda kwa ile penseli.

Huguette kanisogelea. Kanipa mkate wenye alama ya nyumba yake, mistari miwili. Nimevunja kipande, nimekula. Basi, yamekwisha.

Saa 8 kasorobo, juu ya ukuta. Naandika kwa haraka, mkono umechanika, wino umechanganyika na damu kidogo. Tarakimu kwanza: tumetoka tanurini watembezi thelathini na wanane. Mkaguzi aliniuliza, "Na wewe nikuandike?" Nikasema mimi niko kazini.

Kwenye mwaloni tukaiona meza. Kitambaa cheupe! Chupa! Couturas kasimama kwenye kivuli anapunga mkono kama mtu anayeaga meli, na upepo – haki ya Mungu, upepo nao ulikuwa upande wake – ukatuletea harufu ya pai. Léonce akaanza kupinda kushoto. Huguette akamkamata kwa mkanda wa kodiani.

"Wewe kipenzi cha mtaro, leo utapiga kulia."

"Kulia ni miiba, mama!"

"Piga!"

Akamsukuma ndani. Kodiani likaingia kwenye michongoma likilia kama nguruwe anayeogeshwa. Watu kumi na mmoja wakaenda kushoto, naibu meya akiwa wa kwanza. Ishirini na saba wakafuata mlio. Mapanga mbele, glavu, majani yanayowasha, watu wanaruka wanapiga makelele, mwalimu mstaafu kapoteza miwani, kaipata, kaipoteza tena. Mwiba umetoboa kodiani. Sasa kila noti inakuja na pumzi yake, na Léonce haachi!

Baada ya mita kama tisini, panga la Huguette likagonga jiwe. Kisha jingine. Chini ya magugu njia iko vile vile, imetandikwa mawe, kuta mbili zimesimama, mifereji miwili ya magurudumu ya mikokoteni imechimbika kina cha kiganja. Nimepima: upana mita mbili na sentimita kumi. Mwanamke mmoja kavua viatu, anatembea ndani ya mfereji kama mtoto kwenye reli. Delcroze kapiga goti, kavua kofia, kapitisha kidole kwenye jiwe. Akasema, "Kumbe," basi. Kwa mtu yule hiyo ni hotuba.

Hapo watu wakalewa bila divai. Sijui neno jingine. Wazee wa miaka sabini wanacheza kwenye mawe, wamejaa mikwaruzo, wanaulizana nani alikuwa mjinga zaidi miaka yote ishirini na miwili, na kila mmoja anaigombania nafasi!

Tumekwenda mita mia tatu na arobaini. Zimebaki sitini. Paa la banda la kufulia linaonekana, maji yanasikika. Lakini mbele yetu kuna waya wa umeme, nyuzi tatu, na ng'ombe wekundu wamejipanga kututazama kama mahakimu. Couturas kafika upande wa pili, kapitia malishoni, kikapu cha chupa mkononi.

"Mtakunywa lini ninyi? Inapata moto!"

"Zima umeme, Edmond," anasema Huguette.

"Ukipita hapo, Huguette, nimepoteza."

"Najua."

"Miaka yote hii nawanywesha."

"Na ilikuwa nzuri. Zima."

Hazimi. Wala hakatai. Ameweka kikapu chini, anakuna kisogo, anatutazama mmoja mmoja, wageni wake. Delcroze amegeuza ukurasa mpya. Anasema hana mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote chochote. Anahesabu wanaotokea upande wa pili, basi.

Huguette keshakunja suruali hadi magotini. Goti la kulia limevimba. Anapima uzi wa juu kwa macho. Delcroze, bila kuombwa, amempokea mkate alioubeba. Léonce ana kodiani mikononi, bado linapumua. Huguette ananyoosha mkono wa kushoto nyuma, bila kugeuka, anataka mtu wa kumshikilia avuke; aliye karibu ni mimi.

Watu ishirini na sita wananitazama mimi. Wanaitazama kalamu.