Sentimita Tatu za Mshono

4 Machi

Mdogo wangu,

Juzi Jumatatu mwanangu Futi kapoteza nafasi ya chuo cha ufundi. Hilo kwanza, salamu zifuate: sisi wazima, cherehani nayo nzima, nadhani na wewe kikohozi kimekuacha.

Cheti kinasema hesabu za sehemu "hajamudu". Nimehesabu mwenyewe. Maswali kumi na mawili, kapata manane, tena magumu. Jirani yake kapata saba, eti kamudu. Mtambo wa kupima watoto uko ofisini kwenu. Umehesabuje?

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo. Kikohozi kimepungua. Mgongo wako je?

Mtambo haujumlishi alama. Unauliza: huyu kamudu, au kabahatisha? Futi kakosa manne mepesi kabisa. Aliyemudu huteleza swali jepesi mara moja katika mia. Kuteleza yote manne, mia kwa mia kwa mia kwa mia, ni mara moja katika milioni mia. Kwa mtambo, kubahatisha manane magumu ni rahisi kuliko hapo. Hiyo mia niliiweka mimi, na haijawahi kulalamikiwa.

Ila nimetoa karatasi yake kabatini. Swali moja: pazia la sentimita 120 limeunganishwa kwa vipande vinne sawa. Kila kipande kaandika 33, si 30. Majibu yote manne aliyokosa yamezidi kwa tatu. Sijaelewa.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Mgongo unauma, tuuache.

Nimesoma barua yako nikakaa chini. Nimemuuliza Futi. Yale manane yalikuwa ya maji na mashamba. Haya manne ni ya kitambaa. Hapa kwangu hakikatwi kipande bila kuongeza sentimita tatu za mshono. Miaka minne nimemkaripia asisahau. Hakusahau.

Basi hayo si makosa manne. Ni moja, limejirudia mara nne. Milioni mia yako irudishe iwe mia, halafu uniambie kipi rahisi: hilo moja, au mtoto kubahatisha majibu manane ya kuandika kwa mkono? Na wewe, uliyevaa sare nilizokushonea tangu darasa la kwanza, mshono hukuuona?

Orodha ya chuo inafungwa Ijumaa. Usinieleze tena mtambo. Utamwambia mkubwa wako kwamba hesabu uliyoiweka imemkosea mtoto, au hutamwambia? Nataka neno moja, kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

Dada yako